Urembo wa simu na bili anayoachiwa mtumiaji

Septemba 7, 2016, jijini San Francisco, mkuu wa masoko wa Apple wakati huo, Phil Schiller, alipanda jukwaani kueleza kwa nini iPhone 7 haina tundu la hedifoni. Alitoa sababu za kiufundi, lakini neno lililobaki vinywani mwa watu ni moja: ujasiri. Kampuni, alisema, imethubutu kusonga mbele. Katika hafla hiyohiyo Apple ilitangaza AirPods, hedifoni zisizo na waya, kwa bei ya dola 159. Miaka miwili kabla ya hapo ilikuwa imeinunua Beats, kampuni ya hedifoni, kwa dola bilioni 3. Kampuni inayoziba tundu huku ikiuza kitakachochukua nafasi yake inastahili kuulizwa zaidi ya swali moja.

Tundu hilo si la kwanza wala la mwisho kuondoka. Simu za bei ya juu zimepoteza betri ya kuchomoa, nafasi ya memori kadi, redio ya FM, rimoti ya kuwashia televisheni, kitaa kidogo cha kuonyesha kuna ujumbe, chaja ndani ya boksi, na sasa hata mahali pa kuchomeka laini. Maelezo tunayopewa ni yaleyale: simu iwe nyembamba, iteleze mkononi, isiwe na mshono wala tundu. Tunaambiwa huo ndio usasa, na asiyeupenda amepitwa na wakati. Nadhani urembo unasingiziwa. Ukivipanga vitu vilivyoondolewa utaona vinafanana kwa jambo moja: kila kimoja kilimruhusu mwenye simu kujitegemea, ama bila mtandao, ama bila fundi, ama bila kumlipa mtu kila mwezi. Na kila kilipoondoka, nafasi yake ilijazwa na kitu cha kununua. Hilo ni jambo la kibiashara lililovishwa nguo za ubunifu, na anayeliona chungu zaidi ni mtumiaji wa sehemu kama Afrika Mashariki, ambako umeme hukatika, bando huisha na simu moja hutarajiwa kudumu miaka.

Tuanze na betri, kwa kuwa ndiyo sehemu ya simu inayochakaa mapema kuliko zote. Agosti 2007 Nokia ilitangaza kuwa betri zake milioni 46 za aina ya BL-5C, zilizotengenezwa na Matsushita ya Japani, huenda zikapata joto kupita kiasi zikiwa kwenye chaji. Betri hiyo watu wa ukanda huu waliijua kwa umbo hata kama hawakuijua kwa jina. Ndiyo iliyokaa ndani ya Nokia 1100, ile ya tochi, na baadaye katika redio na spika nyingi ndogo. Tatizo la ukubwa huo lilimalizwa kwa wepesi wa kushangaza. Mwenye simu alifungua mfuniko kwa ukucha, akasoma namba iliyo nyuma ya betri, na ikiwa ni miongoni mwa zinazotiliwa shaka akapewa nyingine bure. Simu yenyewe na kila kilichokuwamo vilibaki mikononi mwake. Miaka tisa baadaye Samsung ilikumbwa na balaa la aina hiyohiyo. Galaxy Note 7 ilianza kuuzwa Agosti 2016, baadhi zikawaka moto, na Septemba 2 kampuni ikaanza kuzirudisha simu zipatazo milioni 2.5. Betri ilikuwa imefungiwa kwa gundi ndani ya kioo na chuma, hivyo haikuwezekana kuiita betri bila kuiita simu nzima. Simu mbadala, zenye betri za mtengenezaji mwingine, nazo zikawaka, na Oktoba 11 uzalishaji ukasitishwa moja kwa moja. Nokia ilikuwa na betri za kutilia shaka mara 18 zaidi ya simu za Samsung, lakini aliyelazimika kuizika simu yake ni Samsung.

Hiyo ilikuwa ajali, na msomaji anaweza kusema ajali haitoi kanuni. Basi tutazame matumizi ya kawaida. Apple yenyewe inaeleza kuwa betri za iPhone 14 na zilizoitangulia ziliundwa zibakize asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500. Kwa iPhone 15 na zilizofuata, hesabu ilipanda hadi mara 1,000. Anayechaji kila siku hufika 500 kabla mwaka wa pili haujaisha, na joto la Tanga au Mombasa halimsaidii. Wakati huohuo Google, ilipotoa Pixel 8 Oktoba 2023, na Samsung, ilipotoa Galaxy S24 Januari 2024, ziliahidi masasisho ya programu kwa miaka saba. Programu ya miaka saba imefungiwa chumba kimoja na betri ya miaka miwili au mitatu, na ufunguo hana mwenye simu. Anakwenda kwa fundi, ambaye anapasha joto gundi, anabandua kioo huku akiomba kisipasuke, kisha anatafuta betri ambayo hakuna anayeweza kuapa kwamba ni halisi.

Je, watengenezaji wanajua kwamba betri mpya huahirisha ununuzi wa simu mpya? Wanajua, na mmoja wao ameliandika. Desemba 2017 Apple ilikiri kuwa ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisijizime ghafla. Malalamiko yalipozidi, ilishusha gharama ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka mzima wa 2018. Kisha Januari 2, 2019, mtendaji mkuu Tim Cook akawaandikia wawekezaji kueleza kwa nini mapato yangekuwa chini ya makadirio. Sababu kubwa aliyoitaja ilikuwa China, lakini katika orodha ya sababu nyingine aliandika kwamba baadhi ya wateja walitumia fursa ya bei ndogo ya betri. Barua hiyo inafaa kusomwa taratibu. Mteja aliyepata betri kwa dola 29 hakuiona haja ya simu ya dola mia kadhaa, na jambo hilo liliripotiwa kwa wenye hisa miongoni mwa sababu za mauzo kupungua. Hakuna mkosoaji aliyewahi kuleta ushahidi mzito kuliko huo.

Jibu la watengenezaji kuhusu betri ni maji. Simu iliyozibwa, wanasema, haiingii maji, na watu wengi zaidi huangusha simu kwenye ndoo kuliko wanaotaka kubadilisha betri. Hoja hii ina uzito wake, ila inasahau bidhaa za watengenezaji wenyewe. Galaxy S5 ya 2014 ilikuwa na mfuniko wa kubandua na betri ya kuchomoa, na bado ilithibitishwa kwa kiwango cha IP67, yaani kuzama mita moja kwa nusu saa. Galaxy XCover7, iliyotoka 2024, ina betri ya kuchomoa, tundu la hedifoni na nafasi ya memori kadi, na kiwango chake ni IP68. Ni nene kidogo na haina mng'aro. Imetengenezwa kwa ajili ya watu wa maghala na viwandani, watu ambao mwajiri wao huhesabu gharama. Maarifa ya kutengeneza simu ya namna hiyo hayajapotea. Zaidi ya hapo, ahadi ya maji yenyewe haina mdhamini: dhamana za kawaida za simu haziangalii uharibifu wa maji, na Juni 2022 mahakama ya Australia iliiamuru Samsung ilipe faini ya dola milioni 14 za nchi hiyo kwa matangazo yaliyoonyesha simu zake zikitumika kwenye mabwawa na baharini, ilhali tundu la kuchajia lingeweza kuharibika. Na simu iliyokwisha kufunguliwa na fundi ili kubadilishwa betri hairudi tena kuwa ile ya kiwandani. Mnunuzi wa simu iliyokwisha kutumika huko Dubai au Ulaya analipia sifa ambayo huenda ilishaondoka.

Turudi kwenye tundu la hedifoni, ambalo upotevu wake una mkia mrefu kuliko watu wanavyodhani. Babu yake, plagi nene ya milimita 6.35, alizaliwa katika karne ya 19 kwenye mitambo ya kuunganishia simu. Hii ndogo ya milimita 3.5 ilienea pamoja na redio za transista. Tangu hapo hedifoni ya kampuni yoyote imeingia katika mashine ya kampuni yoyote bila kuomba ruhusa ya mtu. Waya wa AUX ndio uliounganisha simu na sabufa sebuleni, na spika za ukumbini na mikrofoni ya mwandishi wa habari. Hauhitaji chaji, hauhitaji kuunganishwa kwa namba ya siri, na ukikatika huuzwa barabarani kwa bei ya soda chache. Hedifoni za Bluetooth ni nzuri kwa anayekimbia au anayeosha vyombo, sipingi. Lakini kila upande wake una betri ndogo iliyofungiwa, na betri hiyo ikichoka kinachofuata ni pipa la taka.

Kilichosemwa kidogo siku ile ya San Francisco ni kwamba, katika simu nyingi, waya wa hedifoni ndio antena ya redio ya FM. Ukiziba tundu, umeziba na redio. Marekani ililigundua hilo kwa uchungu mwaka mmoja baadaye. Vimbunga Harvey, Irma na Maria vilipoangusha minara mwaka 2017, mwenyekiti wa tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, Ajit Pai, aliitaka Apple iwashe redio ndani ya iPhone ili watu wapate taarifa za uokoaji. Apple ilijibu kwamba iPhone 7 na iPhone 8 hazina chipu ya FM wala antena ya kuipokea, kwa hiyo hakuna cha kuwasha. Nchi tajiri kuliko zote, ikiwa katikati ya janga, ilikuwa na mamilioni ya simu za mamia ya dola zisizoweza kufanya kazi inayofanywa na kitochi cha Itel.

Hapa kwetu jambo hilo lina uzito wa kipekee. Tafiti za Afrobarometer zimeonyesha kwa miaka mingi kuwa redio ndiyo chanzo cha habari kinachotumiwa na watu wengi zaidi barani Afrika. Wakongo wa mashariki hupata habari kwa Kiswahili kupitia Radio Okapi tangu 2002. Mashabiki wa Simba na Yanga wanaijua raha ya mtangazaji anayeona goli kabla halijaingia. Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zilizo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na watumiaji wa Tanzania, Kenya na nchi jirani wakakaa siku kadhaa na intaneti ya kusuasua. Siku chache kabla, kimbunga Hidaya kilikuwa kimefika pwani ya Tanzania. Redio ya FM haikuhitaji waya wowote wa baharini ili iendelee kusikika.

Mtu atasema: si kuna programu za kusikilizia redio kwenye simu? Zipo, na zinafaa kwa aliye Muscat au Toronto anayetaka kusikia stesheni ya nyumbani. Kwa aliye Dodoma hesabu ni nyingine. Matangazo ya kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban MB 29 kwa saa. Mechi moja pamoja na maneno ya kabla na baada ni karibu MB 60. Redio ya FM hula sifuri. Anayekwambia hakuna tofauti hajawahi kununua bando la siku.

Hadithi ya memori kadi ni hiyohiyo kwa sura nyingine. Kadi ndogo ilinunuliwa mara moja, ikahamishwa kutoka simu hadi simu, ikabeba nyimbo zilizojazwa dukani, picha za harusi na mawaidha ya sheikh au mahubiri ya mchungaji, bila kugusa intaneti hata kidogo. Badala yake tunapewa hifadhi ya mtandaoni: Apple imetoa GB 5 za bure tangu 2011 na haijaongeza, na Google ilisitisha Juni 1, 2021 hifadhi ya picha isiyo na kikomo, ikabakiza GB 15 kwa huduma zake zote. Baada ya hapo ni malipo ya kila mwezi, juu ya bando la kupandisha na la kushusha picha zako mwenyewe. Au ulipe mapema, kwa kununua simu yenye nafasi kubwa zaidi, ambayo huongezwa bei kwa kiasi kinachozidi mara kadhaa gharama ya kadi. Ni kweli kwamba kadi za bandia zimewapotezea watu kumbukumbu, na kwamba kadi nyingi zina kasi ndogo kuliko hifadhi ya ndani. Hiyo ni sababu ya kumshauri mtu anunue kadi nzuri. Sioni vipi inakuwa sababu ya kumnyima nafasi ya kuiweka.

Kuhusu laini, mabadiliko ndiyo kwanza yanakuja. iPhone 14 iliyouzwa Marekani mwaka 2022 haikuwa na mahali pa kuchomeka kadi ya laini, ilitegemea eSIM tu, yaani laini iliyojengewa ndani ya simu. Mwaka 2025 iPhone Air ikatoka bila nafasi ya kadi duniani kote, na iPhone 17 zinazouzwa katika nchi za Ghuba, zikiwamo Oman na Falme za Kiarabu, nazo ni za eSIM pekee. Ghuba ndiko zinakotoka simu nyingi zinazoishia Kariakoo, Mombasa na Unguja, kwa hiyo jambo hili halipo mbali. eSIM ina faida: msafiri hununua laini ya nchi nyingine akiwa kitandani, na mwizi hawezi kuichomoa. Lakini fikiria kazi inayofanywa na kale kakadi. Simu ikizima chaji, unachomoa laini unaichomeka kwenye simu ya jirani, unapokea hela, unamtumia mtu nauli. Simu ikivunjika, namba yako, na pamoja nayo akiba yako ya M-Pesa au ya mtandao mwingine, inahamia kwenye kitochi ndani ya dakika moja bila kuomba kibali kwa mtu. Huduma ya fedha kwa simu iliyoanza Kenya Machi 2007 ilijengwa juu ya kadi hiyo. Ukiiondoa, kuhama kutoka simu hadi simu kunageuka kuwa ombi kwa kampuni ya simu, na simu ya kuhamia lazima nayo iwe ya kisasa.

Kuna upotevu mwingine ambao sitaupigia kelele sana. Kitufe cha katikati kilipoondoka, wazee wengi walipoteza kitu pekee walichokuwa na uhakika nacho kwenye kioo chote. Kitaa cha ujumbe kilipoondoka tukaanza kuwasha simu kila baada ya dakika tano kuona kama kuna aliyetutafuta. Ni kero, si dhuluma. Linalochekesha ni kwamba wembamba wenyewe, uliotajwa kuwa sababu ya yote haya, haukudumu. iPhone 7 ilikuwa na unene wa milimita 7.1 na uzito wa gramu 138. iPhone 17 Pro ina milimita 8.75 na inapita gramu 200. Simu zimenenepa, na matundu hayakurudi. Na hata zile nyembamba, mnunuzi huzivalisha kava nene siku ileile anapozitoa dukani, kwa kuwa kioo cha mgongoni kilichowekwa kwa ajili ya mng'aro hupasuka.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la soko. Kama watu walivihitaji vitu hivi, inasemwa, wangekataa kununua simu zisizo navyo. Wamenunua, basi hawakuvihitaji. Hoja hii ingesimama kama mnunuzi angepewa chaguo. Oktoba 2016 Google iliikejeli Apple kwa kuitangaza Pixel yake kuwa na tundu la hedifoni. Mwaka mmoja baadaye Pixel 2 ikatoka bila tundu. Novemba 2017 Samsung ilitoa tangazo la kuwacheka wenye iPhone wanaohangaika na vipande vya kuunganishia waya; Agosti 2019 Galaxy Note 10 ikatoka bila tundu. Pale ambapo washindani watatu wakubwa wanafika mahali pamoja ndani ya miaka mitatu, baada ya wawili kati yao kumcheka hadharani aliyetangulia, kusema mteja amechagua ni kumwonea. Na pale alipopewa nafasi ya kusema, alisikika. Samsung iliondoa memori kadi kwenye Galaxy S6 mwaka 2015, wateja wakalalamika, ikairudisha kwenye S7 mwaka 2016, ikakaa hadi ilipoondolewa tena kwenye S21 mwaka 2021. Sony iliondoa tundu la hedifoni mwaka 2018, ikalirudisha 2020 katika Xperia 1 II, simu ya bei ya juu isiyoingiza maji.

Basi nunua Tecno, ataniambia mwingine. Ushauri si mbaya. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, yenye Tecno, Infinix na Itel, iliingia Afrika kwa kusikiliza: laini mbili, betri kubwa, redio, memori kadi. Imekuwa muuzaji mkubwa wa simu barani kwa njia hiyo, jambo linaloonyesha kuwa vitu hivi si ghali kuviweka. Tatizo ni kwamba mnunuzi anatakiwa achague kati ya redio na kamera bora, au kati ya memori kadi na masasisho ya usalama ya miaka mingi, kana kwamba vinagombana kimaumbile. Tena kinachoanzia juu hakibaki juu. Galaxy A52 ya 2021 ilikuwa na tundu la hedifoni, A53 ya 2022 haikuwa nalo. A55 ilikuwa na nafasi ya memori kadi, A56 ya 2025 haina. Hizo ni simu za watu wa kipato cha kati, na ngazi inaendelea kushuka.

Halafu kuna hoja ya mazingira, ambayo kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote ingawa inasikika vizuri. Oktoba 2020 Apple iliacha kuweka chaja kwenye boksi la iPhone 12 kwa maelezo ya kupunguza taka, kwani watu wana chaja nyumbani. Lakini waya uliowekwa kwenye boksi hilo ulikuwa na kichwa cha USB-C, kisichoingia kwenye chaja nyingi za zamani za kampuni hiyohiyo. Mwaka 2022 wizara ya sheria ya Brazil iliipiga Apple faini na kuamuru isiuze simu bila chaja. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, kwa takwimu za Umoja wa Mataifa, na zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa vizuri hazikufika robo. Anayejali tani hizo angeanza na betri ya gundi, kabla ya kuhangaika na chaja.

Si kila kinachoondoka kinastahili kuliliwa. Kalamu ndogo za kubofyea kioo zilipopungua hakuna aliyeumia, na vichwa vya chaja vya kila kampuni vilivyogeuka kuwa USB-C vimetupunguzia mzigo. Kipimo changu ni rahisi: kipya kinafanya kazi yote ya kilichoondoka, kwa gharama ileile au pungufu, bila kumfunga mtu kwa muuzaji mmoja? USB-C inafaulu. Bluetooth, hifadhi ya mtandaoni, eSIM pekee na betri ya gundi havifaulu. Ni vizuri vikiwepo kama nyongeza, ni vibaya vikiwa amri.

Na hiyo USB-C haikuletwa na ujasiri wa mtu jukwaani. Ililetwa na sheria ya Umoja wa Ulaya, iliyoifanya kuwa ya lazima kuanzia Desemba 28, 2024, na Apple ilitii mapema kwa iPhone 15. Umoja huo umekwenda mbele: tangu Juni 20, 2025 simu zinazouzwa huko lazima ziwe na vipuri vinavyopatikana kwa miaka saba baada ya kuacha kuingizwa sokoni, na Februari 18, 2027 kanuni ya betri za kubadilishwa na mtumiaji inaanza kutumika, ingawa simu zenye betri za kudumu na zisizoingiza maji zimeachiwa mlango wa pembeni. Sisi tungeweza kusubiri mabaki ya sheria hizo yatufikie. Au TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambazo tayari huidhinisha aina za simu kabla ya kuuzwa, zikaongeza masharti mawili: simu yenye chipu inayoweza kupokea FM isiidhinishwe ikiwa redio imezimwa, na boksi lieleze kwa Kiswahili betri inabadilishwaje na kwa bei gani. Uwezo zinao. Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012 na Tanzania Juni 2016. Zikikaa pamoja na wenzao wa Uganda, Rwanda na Burundi, hakuna mtengenezaji atakayeliacha soko hilo kwa sababu ya redio. Wakati tukizisubiri, msomaji unayekwenda dukani wiki hii usikubali kuonyeshwa kamera peke yake. Uliza kama ina redio, kama inapokea memori kadi na laini ya kawaida, na betri yake ikichoka itabadilishwa na nani, kwa shilingi ngapi. Muuzaji asiyejua majibu anaweza kupiga simu kuuliza ukiwa bado umeshika hela yako.